Bega la Kocha Oslyn

Oslyn McAlmont alikuwa amechoshwa na bega lake la kulia, nalo bega lilikuwa limemchoka yeye. Asubuhi alichana nywele kwa mkono wa kushoto. Dada yake alimkanda kwa shahamu na kungumanga mpaka nyumba nzima ikanuka, na haikusaidia kitu. Kwa miaka mingi mkono wa bega hilo uliirushia mpira wa kriketi timu ya taifa ya Guyana, tena kwa kasi iliyowafanya wanawake wa Trinidad waulize choo kiko wapi kabla ya kuingia kupiga. Malipo yake yalikuwa makofi, hotuba za shukrani na magoti mabovu.

Sasa alikuwa kocha wa timu ya wasichana wa jimbo la Berbice. Watu wakisikia kocha hudhani ni mtu wa kusimama kando na kofia, akipuliza filimbi. Wapi! Timu isiyo na mashine ya kurusha mipira, mashine yake ni kocha. Huwarushia wapigaji mmoja baada ya mwingine, jua likimwakia utosini, mpaka kila msichana atosheke. Asiyeweza kurusha hana kazi. Bwana Persaud wa chama cha kriketi alishalisema hilo kwa upole, kisha akamleta Kester, mwanamume mwenye mkono uliokomazwa na kukata miwa, eti asaidiesaidie. Oslyn hakuzaliwa jana. Kester alipewa kazi ya kufunga nyavu na kubeba maji, na mpira Oslyn akaushika mwenyewe. Aliogopa. Nje ya uwanja hakujua angekuwa nani.

Kilichompa moyo ni Roshini Gobin wa Port Mourant, mpigaji bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Kila Kester alipojitolea kumrushia, Roshini alikataa, akisema mipira ya Anti Oslyn ndiyo inayomkaa. Na kweli aliipiga yote, safi kabisa, huku na huku, hata Oslyn akajiambia kwamba bega bado lina uhai.

Mechi za kuchagua timu ya taifa zilikuwa mbili, Jumamosi na Jumatatu, zote kwenye uwanja wa Albion. Jumamosi Roshini aliingia kwa madaha. Mpira wa kwanza wa mrushaji wa timu ya Demerara ulimpita. Wa pili uling'oa vijiti nyuma yake, gongo likiwa bado hewani. Akatoka bila kupata hata mkimbio mmoja, na wazee waliokuwa kwenye ua wa uwanja na ramu yao tangu asubuhi hawakumwonea huruma.

"We binti," mmoja akamwita, "mpira ushafika nyumbani unakula roti, wewe bado unaupungia mkono!"

Bwana Persaud alitikisa kichwa, akasema msichana ana mikono mizuri lakini mpira wa kasi unamtia woga. Oslyn alijua si woga. Alikuwa ameliona gongo lile lilivyochelewa, na lilichelewa kwa kadiri ileile ambayo mkono wake yeye Oslyn ulikuwa umepungua kasi. Roshini alikuwa amefundishwa, kwa bidii kubwa, kupiga mipira ya mgonjwa.

Oslyn alimkuta nyuma ya banda, akifungua kinga za miguu.

"Ulijua tangu lini?"

Roshini hakujifanya haelewi. "Tangu Agosti, Anti. Kila ukirusha ulikuwa unauma meno."

"Na ukanyamaza."

"Wangekuondoa. Halafu ungeenda wapi?"

 Kilichomuuma Oslyn kuliko bega ni kwamba miezi yote hiyo amelelewa na mtoto mdogo, naye akalelewa vizuri tu, akidhani ni umahiri wake. Kibaya zaidi, alijua angeweza kuendelea kunyamaza. Chama kilikuwa kimeshamlaumu Roshini, na hakuna mwingine aliyeona. Usiku huo alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na lilikuwa bado linamvutia.

Jumapili, kwenye mazoezi, alimwita Kester mbele ya Bwana Persaud, akampa mpira amrushie Roshini. Bwana Persaud akauliza kuna nini. Oslyn akamwambia bega limekwisha, limekwisha tangu Agosti, na jana aliyeogopa hakuwa Roshini, alikuwa yeye kocha. Bwana Persaud akatazama viatu vyake. Akasema watazungumza baada ya mechi ya kesho, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Mpira wa kwanza wa Kester ulimpita Roshini. Wa pili ulimgonga vidole, wa tatu ukampata mbavuni, akainama akitafuta pumzi. Kester, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alimgeukia Oslyn.

"Nipunguze kidogo, Anti?"

"Usithubutu," Oslyn akasema. "Mimi na yeye tumeshahurumiana vya kutosha."