Kimbembe Aitiwa Baba Yake

Simu ya shule iliingia kinyozi akiwa katikati ya kichwa cha mteja. "Baba, naomba ufike shule sasa hivi, ni kuhusu binti yako," alisema mwalimu wa darasa, kisha chaji ikamwishia. Kinyozi alizima mashine, akamwomba radhi mteja aliyebaki na upara wa upande mmoja, akashika njia.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimbembe, alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu. Mara ya mwisho mwalimu mkuu alisema mbele ya mtoto mwenyewe, bila kupepesa macho: "Ukiitwa tena, uje umchukue na vitabu vyake." Na ni shule gani imewahi kumwita mzazi impe habari njema?

Ofisini hakumwachia mwalimu nafasi hata ya kusalimia.

"Mwalimu, nisamehe. Najua ni yale maji. Jana karudi nyumbani kalowa chapachapa, nikamgombeza mpaka sauti ikanikauka. Mtoto huyu sijui kamrithi nani. Mama yake anasema ni mimi."

"Kaa kwanza, baba," alisema mwalimu, akijizuia kucheka. "Ni maji hayohayo. Jana kwenye foleni ya bombani, mtoto wa darasa la kwanza alijikojolea. Kimbembe akaona kabla ya wengine. Akabeba ndoo, akawamwagia wote, na yeye mwenyewe akajimwagia. Nani angemcheka nani? Mwalimu wa zamu akamwadhibu, naye hakufumbua mdomo. Mimi niliona yote dirishani, ila nilipofika chini nilikuta yameshapita. Mwalimu mkuu nimeshamweleza."

Kinyozi aliuliza: "Sasa kosa lake ni nini?"

"Hana kosa. Nimekuita nimsifu. Ndiyo utaratibu wangu mpya: mtoto akifanya jema, naita mzazi. Shida ni kwamba wote mnakuja mkitetemeka!"

Kinyozi alicheka, kisha akaacha kucheka. Jana hakumuuliza mtoto hata swali moja. Mtu mzima ovyo!

Nje, Kimbembe alikuwa ameegemea ukuta, begi mgongoni, limejaa madaftari yake yote.

"Tunaondoka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huendi popote. Mwalimu ameniita akusifu. Kanieleza habari ya yule mdogo na maji." Kinyozi alichuchumaa mbele yake. "Jana nilikuonea, mwanangu. Nisamehe."

Kimbembe, ambaye adhabu zote za shule hazikuwahi kumtoa chozi, aliangua kilio mpaka darasa la jirani likachungulia. Baba yake alimkumbatia pamoja na begi lake, na yeye machozi yamemlengalenga.

"Baba," alisema Kimbembe akivuta kamasi, "mwambie na mama. Ila anza na habari yenyewe, mambo ya kuitwa shule umwambie mwisho. Atazimia."