Mkono wa Mwalimu Niu

Jumatatu, tarehe sita Machi 2006, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, vidole vya miguu vya Mwalimu Niu Shuxia havikuonekana. Aligundua hilo alipokuwa akivaa soksi kando ya jiko la makaa. Alivigusa. Vilikuwepo vyote kumi, na vilikuwa vya baridi. Akavaa soksi, nazo zikatoweka pale zilipovifunika. Akavaa viatu vya kitambaa, ncha zake zikatoweka vilevile. Kisha akavuka uwanja kwenda kufundisha.

Siku moja kabla, gazeti moja la Beijing lilikuwa limechapisha uhakiki wa kwanza wa tamthilia ya televisheni iliyopigwa picha kiangazi kilichopita shuleni kwake, kijijini Heishangou. Tamthilia ilikuwa na sehemu ishirini na ilimhusu mwalimu wa kike anayefundisha peke yake kwenye vilima vya udongo wa manjano. Mhakiki aliisifu mandhari. Kuhusu mwalimu, aliandika kwamba mwanamke anayetembea kilomita tisa kwenda kuchukua vitabu na kurudi siku hiyohiyo hayupo.

Mwalimu Niu alikuwa ameitembea njia hiyo kila Februari na kila Agosti kwa miaka ishirini na miwili.

Uhakiki wa pili ulitoka Ijumaa. Ulisema hakuna mtu awezaye kufundisha madarasa manne ndani ya chumba kimoja. Habari hiyo ilipochapishwa, Mwalimu Niu alikuwa akiwasomesha darasa la pili shairi huku darasa la nne wakigawanya. Miguu yake ikatoweka hadi kiunoni, pamoja na suruali.

“Mwalimu, umekaa au umesimama?” aliuliza Dou Caixia, mdogo kuliko wote, mwenye miaka sita.

“Nimesimama. Endelea kuandika.”

Wahakiki hawakuwa na nia mbaya. Mmoja wa Shanghai alikiri kwamba alilia, ila alisema machozi si ushahidi. Mwingine aliandika kwamba sehemu ya kumi na moja, ambamo mwalimu anambeba mtoto mgongoni kuvuka korongo lililojaa maji, ni ndoto ya mwandishi aliyelelewa mjini. Mgongo ukatoweka. Mwishoni mwa Machi jarida moja likasema ile ni sura ya mtu asiyekuwepo, na jioni hiyo mumewe, mzee Kang, alimpitishia bakuli la tambi za mchuzi mchachu, akaona vijiti vikishuka na kupanda katika mkono usio na mtu.

“Chumvi imetosha, mama Yunmei?”

“Imezidi kidogo.”

“Basi upo,” alisema, akaendelea kula.

Asubuhi alimchana nywele kwa kupapasa, maana mkewe hakuweza kujua njia ya nywele iko wapi kwenye kioo. “Geuka,” alisema. “Nimeshageuka,” alijibu mkewe. “Nimekupa kisogo tangu zamani, we unachana hewa.”

Kilichobaki kikionekana ni mkono wa kulia, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kucha. Sababu yake ilijulikana. Mwigizaji mkuu alikuwa msichana wa pwani aliyejua kulia akitakiwa, lakini hati yake ubaoni ilikuwa kama nyayo za kuku. Mwongozaji alimvalisha Mwalimu Niu koti la mwigizaji, akapiga picha ya mkono wake ukiandika. Sasa profesa mmoja alikuwa ameandika, na wote waliofuata wakarudia, kwamba katika sehemu zote ishirini kitu kimoja tu ni cha kweli: mkono ule wa vidole vifupi, wenye nyufa zilizoingia chaki, na ile hati yake ya ubaoni iliyonyooka. Mkono kama huo, alisema, hauigizwi.

Watoto kumi na mmoja wa shule walizoea upesi. Kila asubuhi kabla ya somo walipanda juu ya mabenchi, na kila mmoja aligonga kifutio mara moja juu ya mahali sauti ya mwalimu ilipotoka. Vumbi la chaki lilituama kwenye nywele na mabegani, wakamwona kiasi cha kutosha hadi mapumziko. Walipokosea kulenga, aliwaambia, “Huku, jamani, hilo ni jiko.”

Tatizo lilikuwa fomu. Mwalimu Niu alikuwa mwalimu wa kujaza nafasi tangu 1984. Jina lake halikuwahi kuingia kwenye orodha ya walimu wa serikali. Mwaka huo wa 2006 ofisi ya elimu ya wilaya ilitangaza kwamba wa aina yake wangeandikishwa mara moja ya mwisho, kabla ya tarehe ishirini na nane Aprili, wakiwa hawajafika miaka arobaini na mitano. Alikuwa na arobaini na minne. Asipoandikishwa, ataondoka muhula ukiisha, shule itafungwa, na watoto watakwenda kusoma mjini, kilomita tisa, ng’ambo ya korongo. Fomu ilitaka picha ya uso.

Mpiga picha alikuja na pikipiki. Watoto waligonga vifutio mpaka chaki ya wiki nzima ikaisha. Caixia alipewa kazi ya nyusi, akazipaka kwa kidole, moja ikakaa juu kuliko nyingine. Mpiga picha alitundika kitambaa chekundu, akasema, “Mwalimu, usipumue,” akapiga.

Jumatano, tarehe ishirini na sita, Mwalimu Niu alipanda basi kwenda wilayani, fomu mkononi. Kondakta aliitazama tiketi, akautazama mkono ulioishika. “Sogea nyuma, mama, usinizibie mlango.”

Ofisa Qi aliyepokea fomu alikuwa mtu mpole aliyekunywa chai katika chupa ya jemu. Aliitazama picha kwa muda.

“Huyu ni nani?”

“Ni mimi.”

“Hii ni chaki, Mwalimu Niu.”

“Chini ya chaki ni mimi.”

Ofisa Qi aligeuza fomu, akatafuta. Palikuwa na nafasi ya uso, ya jina, ya mhuri. Ya mkono hapakuwa. Kisha macho yake yakatua kwenye mkono uliokuwa juu ya meza.

“Mkono huu naujua,” alisema. “Tuliutazama nyumbani, kila jioni. Mke wangu alilia sehemu ya kumi na moja yote.” Alisimama, akamletea chaki. Ofisi ilikuwa ikiandaa maonyesho kuhusu tamthilia hiyo, na pale ukutani palikuwa na ubao. Alimwomba aandike mstari mmoja wa kuwakaribisha wageni. Aliandika. Makarani watatu walikuja kutazama, wakaafikiana kwamba ni hati nzuri.

“Na fomu?” aliuliza Mwalimu Niu.

Ofisa Qi alifungua kabati, akatoa daftari la walimu, akapitisha kidole kuanzia 1984. “Niu Shuxia hayupo mwaka wowote,” alisema kwa upole. “Kwa hiyo kwa upande wetu hakuna kilichobadilika.” Alimrudishia picha ili isipotee bure.

Muhula uliisha tarehe saba Julai. Mwalimu Niu alifuta ubao, akafunga mlango kwa kufuli, akampelekea mwenyekiti wa kijiji ufunguo. Picha aliitundika mzee Kang juu ya kitanda. Nyusi aliziacha kama zilivyo.

Mvua ilinyesha siku mbili za mwisho za Agosti. Ijumaa, tarehe mosi Septemba, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mzee Kang alikuwa akichunga kondoo juu ya korongo. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yakiwafika watoto wakubwa magotini. Aliwahesabu waliokuwa wakivuka kwenda shule ya mjini. Kumi walikuwa ndani ya maji, wameshikana mikono. Wa kumi na moja, Dou Caixia, alikuwa akivuka hewani, kwa kimo cha mgongo wa mtu mzima, viatu vyake vikavu, na mkono mmoja wa kulia ulikuwa umemshika goti.