Aliyekataa Kusimama

...basi mkono nimeshauinua na siushushi, Chepkurui anayeongoza semina amenyoosha kidole upande wangu, mama mwenye leso ya kijani subiri, maiki inakuja, nami nasubiri, nimesubiri mwaka mzima, dakika mbili si kitu, huku Trizah ameketi pale mbele ya ukumbi wa kanisa na chupa yake ya maji kama waziri, wageni wa nchi sita wamekuja mpaka Nakuru kumwangalia, yule dada wa Kolombia anaandika kabla hata mkalimani hajamaliza, andika dada, andika, lakini nusu ya hadithi hujapewa, kwa sababu siku ile tulipokaa barabarani Molo kukataa lumbesa, yale magunia mabroka, hao madalali wa viazi, wanayashonea shingo mpaka gunia moja linameza viazi vya magunia mawili na bei ni ya moja, wazo lilikuwa langu, mimi Nerima, mimi ndiye nilisema tukae mbele ya malori tumenye viazi, na viwe vya kuchemsha, vya kumenya kwa vidole, ili mtu asije na kisu, maana ukishika kisu afande hatakuita mkulima tena, na wote wakaniambia eeh, Mama Zeddy umefikiria, sufuria zilikuwa zangu, kuni nilizitafuta mimi mpaka Elburgon, na leo nani anaenda ng'ambo kufundisha akina mama wa dunia kudai haki bila fujo, nani ametengenezewa pasipoti, Trizah, ambaye hata kiazi kimoja hakuleta... "Tulikuwa wengi," anasema sasa, "si mimi peke yangu," sikia hiyo, unyenyekevu wa kutafutia makofi, na wanampigia, na hiyo sauti ya polepole ameitoa wapi, nyumbani anaongea kama cherehani, na ile picha wameibandika ukutani kubwa kuliko mlango, lori limesogea mpaka bampa karibu imguse pua, yeye amekaa tu, kiazi mkononi, na mimi niko pale pembeni, kiwiko, kiwiko peke yake ndicho kimeingia kwenye picha, mwaka mzima naonyesha watu kwa simu, huyu hapa ni mimi, wanasema aa, halafu wanarudi kumwangalia yeye... "Mama, ulipata wapi nguvu ya kukataa kusimama?" mgeni mmoja ameuliza, na Trizah anakunywa maji kwanza, kunywa tu, mimi nitakujibia, si ndiyo maana nimeinua mkono, nitawaambia hukuwa na nguvu yoyote, hukusimama kwa sababu ulikuwa umekalia kisu, haya, andikeni hiyo... halafu wataniuliza kisu cha nani. Cha nani... kilikuwa kwenye kikapu changu, chini ya leso, nilikiweka asubuhi kwa mkono wangu, na si kwa kusahau, usijidanganye Nerima, nilikuwa nimeapa yule broka Maxwel akinicheka tena vile alinicheka gunia langu lilipopasuka, leo atanitambua, mimi, mwenye sheria ya viazi vya kuchemsha, na Trizah akaona mpini, hakupiga kelele, akasema tu, "Mama Zeddy, leta hicho," maafande walikuwa washafika, hakuna pa kukitupa, akakisukuma chini yake akakaa, na amri ikatoka, simameni nyote tuwakague, tukaanza kusimama, mimi wa kwanza, nilikuwa na haraka ya kuonyesha mikono yangu haina kitu, lori likanguruma, likaja, na yeye angeinuka tu kisu kingeonekana, akina mama arobaini tungeitwa genge lenye silaha na kazi yote ingeishia hapo, akakaa, lori likazidi kuja, akakaa, mpaka sisi tuliosimama tukaona aibu tukarudi chini mmoja mmoja... na jioni leso yake ilikuwa na damu nyuma, akasema ni mwezi umekuja vibaya, wenzetu wakacheka, nikacheka nao, nilijua na nikacheka, Mungu wangu, na tangu siku hiyo hajamwambia mtu, hata leo ameulizwa mbele ya watu wote hawa na anakunywa maji badala ya kujibu... waya wa maiki umejifunga kwenye mguu wa kiti, Chepkurui anainama kuufungua, Trizah ameangalia ameona ni mkono wa nani, anatikisa kichwa, kidogo tu, hapana, anaogopa nini, kwamba nitamwaibisha au kwamba nitajiaibisha, namjua huyu, ni hilo la pili, na wivu bado upo, sidanganyi, unaniuma hapa kifuani, ila si wa pasipoti tena, namwonea wivu kwa vile anaweza kunyamaza na kitu kama hicho mwaka mzima, mimi nisingeweza hata wiki, mkono umeanza kufa ganzi na bado uko juu, waacheni wafungue huo waya polepole, nikipewa maiki sitaanza na viazi, nitasema kisu kilikuwa changu, Trizah alikikalia, na mimi ndiye niliyesimama.