Kifuko cha Mkono wa Kushoto

Pa. Kwaruu. Pa. Kwaruu.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nilisimama mlangoni, daftari za darasa la jioni kwapani, nikipapasa kiberiti, nikamsikia mwanangu anakuja kunipokea kwa kutambaa. Kiganja kimoja kiligonga sakafu ya saruji, pa, halafu kitu kikaburuzwa, kwaruu. Nikangoja kiganja cha pili. Hakikuja.

"Huyo, mbio!" baba mkwe akasema gizani, kutoka kwenye kiti chake karibu na cherehani. "Kasikia kandambili zako tu, mimi sina thamani tena."

Mchana nisingesikia. Mchana macho yetu yote huenda kwenye mkono wake wa kushoto, ule unaonyakua kijiko, unaovuta shuka, unaojipiga pajani kwa furaha. Na ule uso unaocheka. Giza lilinifichia uso, likaniachia sauti peke yake.

Baba mkwe ni fundi cherehani, na hukata nguo kwa mkono wa kushoto. Utotoni walimfunga mkono huo mgongoni kwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia kama wenzake. Alama haipo, lakini mpaka leo havai saa, wala shati linalobana kifundoni. Watoto wake wote walitoka wa kulia. Hata Chiriku, binti yangu mkubwa, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki, naye ni wa kulia. Basi huyu mdogo alipoanza kushika vitu, na kila kitu kikaenda kushoto, mzee alimbeba mlango kwa mlango kumwonyesha. "Mkasi wangu umepata mwenyewe! Fundi Mdogo huyu!" Jina likaganda.

Asubuhi nilimkalisha mkekani nikamtazama kama ninavyotazama swali la mtihani: haraka kwanza, kisha polepole. Ngumi ya kulia ilikuwa imefumbwa, dole gumba limejificha ndani. Nikamshika mkono wa kushoto taratibu, nikamsogezea kibiringo cha uzi upande wa pili. Alikitaka, mpaka mate yakamtoka. Kisha akainama kiuno chote, akakiokota kwa mdomo.

Chiriku akaangua kicheko. "Mama, anakula kama mbuzi!"

Nikamgeuza uso. Michubuko yake yote ilikuwa shavu la kulia. Tulidhani ni utundu. Kumbe akianguka upande huo, mkono hautoki kumkinga.

Mume wangu ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa safarini; nikampigia, nikamweleza. "Mama Chiriku," akasema kwenye simu, "si ndiyo kushoto kwenyewe huko? Baba naye yuko hivyo."

"Baba yako hawezi kufumbua ngumi ya kulia?"

"Mpeleke hospitali," akasema. "Ila kwa mzee usiseme kitu kwanza."

Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mwenye mikono mikavu na viatu vya raba. Alimshika mwanangu kiunoni, akamwinamisha ghafla kuelekea godoro kama anayemwangusha. Mkono wa kushoto ulichomoka kumkinga. Wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani.

"Mama," akasema, "mtoto wa miezi tisa bado hachagui mkono. Anatakiwa atumie yote miwili. Akichagua mapema hivi, sisi tunauliza ule mwingine una nini." Alinieleza kwamba kuna sehemu ya ubongo iliyoumia, huenda kabla hajazaliwa. "Si kitu ulichokula, si kitu ulichofanya."

"Mkono utapona?"

"Hautakuwa kama mwenzake. Sikudanganyi. Lakini unaweza kuja kuwa msaidizi. Kila siku, kwa muda mfupi, mfunike ule mzima ili huu upate kazi. Mcheze naye, asikae peke yake. Na atalia, mama. Jiandae."

Nililia mimi kwanza, nyuma ya ukuta wa maabara, nikajifuta kwa nguo ya kumbebea. Msaidizi. Nililishika neno hilo njia nzima. Msaidizi si haba, nilijiambia. Msaidizi anafunga vifungo. Msaidizi anashika daftari lisiteleze.

Nyumbani nilichukua soksi ya Chiriku nikamvisha mkono wa kushoto. Hata sijamaliza, mzee akaingia.

"Hicho nini?"

"Soksi, Baba. Mtaalamu amesema..."

"Vua."

Aliivua mwenyewe, akaitupa. "Mkono huu haufungwi katika nyumba yangu. Nilifungwa mimi, inatosha. Mwambie huyo mtaalamu wako aje anifunge tena na mimi!"

"Baba, hakuna anayeugombeza wa kushoto. Wa kulia ndio mgonjwa."

"Mgonjwa! Juzi fundi, leo mgonjwa. Ndiyo mnayofundishwa huko jioni?"

Nilikuwa sijawahi kubishana na mkwe wangu. Nilikuwa nimepiga magoti kuiokota soksi, basi jibu langu lilitoka huko huko chini, dogo.

"Baba, mkasi unaushika kwa kushoto. Nguo unaishika kwa mkono upi?"

Aliutazama mkono wake wa kulia kama kitu ambacho mteja amekisahau mezani.

"Usinifundishe kazi yangu," akasema, akatoka.

Hakuja kula. Nilimfunikia chakula, kikapoa, nikakitoa. Nilijua nyumba ni yake, na akikataa, mume wangu hatampinga. Na mkono ule hausubiri wakubwa wapatane.

Asubuhi nilikuta kitu kimening'inia kwenye kitasa cha mlango wangu. Kifuko kidogo cha pamba, kipimo cha ngumi ya mtoto. Mishono aliigeuzia nje isimkwaruze. Kifundoni hakutia mpira. Alitia kifungo kimoja tu, kimelegea.

Mzee alikuwa amesimama ukumbini. "Mvishe wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nikamvisha. Mwanangu akautafuta mkono wake, akaona kitambaa, akakipiga sakafuni, akaanza kulia. Mzee akashuka kukaa chini, magoti yakimlia, akaweka kibiringo upande wa kulia.

"Shika basi, Fundi. Fundi wangu, shika."

Mtoto akainama na mdomo. Mzee akakisogeza. Ngumi ikatikisika kutoka begani, ikakigonga, kibiringo kikabingirika chini ya cherehani. Mzee akakifuata kwa magoti, akakirudisha. Tena. Na tena. Dole gumba halikutoka. Kilio kikawa cha sauti iliyokauka, na mimi nikawa namwimbia.

Muda ulipokwisha nilifungua kifungo. Mkono wa kushoto ukatoka na jasho lake, ukanyakua kibiringo papo hapo, na mwanangu akacheka katikati ya machozi.

Mzee hakucheka. Alikaa pale pale sakafuni na kifuko, akikikunja, akikikunjua. "Haujui hata kama upo," akasema. "Mkono hauna habari."

Chiriku, ambaye asubuhi nzima hakutoa neno, akakichukua kifuko mkononi mwa babu yake, akanyanyukia vidole vya miguu, akakirudisha kwenye kitasa.

"Babu, kesho upe habari tena."