Ndama wa Machteld Katika Misa

Ijumaa asubuhi Machteld alikuwa kwenye kigoda akimkamua Bles, ng'ombe wake mwekundu mwenye baka usoni, Bles alipoipiga ndoo teke na kushika njia ya mjini. Machteld alijifuta maziwa akamfuata. Walivuka daraja, wakawapita wauza samaki, wakasimama mlangoni mwa kanisa kuu. Ndani, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya misa mpya ya Pasaka.

Katikati ya "Bwana, utuhurumie", chini kidogo ya sauti ya tatu, ndama wa Bles alikuwa analia.

Machteld alimtambua, kwa kuwa alimzalisha kwa mikono yake. Kabla ya baridi kuanza, Kanoni Gheeraert, msimamizi wa mali za kanisa, alikuja zizini kwake akachukua ndama watatu, mmoja wao wa Bles. Alimweleza Machteld, aliyekuwa mjane, kwamba majani waliyokula yalikuwa ya kanisa, kwa hiyo na wao ni wa kanisa. Walichinjwa, ngozi zao zikakwanguliwa, zikanyooshwa, zikaandikwa noti za misa hiyo kwenye kitabu kikubwa, kila mwimbaji aweze kusoma akiwa amesimama.

Mwalimu wa kwaya, Wouter, alimkaribisha ndani. Alisema waimbaji walilalamikia kilio hicho siku mbili tatu, kisha wakazoea.

"Sauti ya tatu ilikuwa inalegea. Sasa nimemwambia Pieter amfuate ndama."

"Anamwita mama yake," Machteld alisema.

"Najua, mama. Ukurasa ukigeuzwa ananyamaza. Hata mimi inaniuma."

Machteld aliomba arudishiwe kurasa zake. Kanoni aliitwa. Alisikiliza "Utukufu" mpaka mwisho, akasema ngozi iliyoandikwa jina la Mungu haiwezi kulala zizini. Ila hakutaka kuonekana mgumu: ng'ombe angeruhusiwa kuingia Pasaka, mradi asimame nyuma, upande wa wanawake.

Ndivyo ilivyokuwa. Misa ilipoanza, maziwa ya Bles yalitiririka yenyewe juu ya mawe ya sakafu, na waumini wakainua pindo za nguo wakienda kukomunika. Machteld alimwegemea Bles ubavuni, akihisi anavyotetemeka. Ndama wawili walilia hadi "Mwanakondoo wa Mungu". Wa tatu, aliyefanywa jalada, hakusikika.

Wiki mbili baadaye ng'ombe wake mwingine alizaa. Kanoni alikuja na watumishi wawili, akampapasa ndama mgongoni, akasema ni laini, na misa nyingine inatungwa. Machteld alijibanza kwenye lango la zizi. Watumishi walimsogeza pembeni taratibu, kama watu wanaohamisha meza.

"Huyu ataimba sauti ya ngapi?" aliuliza.

"Ya kwanza, Mungu akipenda."

"Basi naomba nisimame mbele. Sauti ya kwanza kule nyuma haifiki vizuri."

Kanoni alifikiri kidogo, akamjibu kwa upole kwamba nafasi za mbele zina wenyewe.