Dirisha la Kuchorwa

Kila asubuhi Muriel Pocock alisugua kizingiti cha mlango wake wakati chai ikikolea birikani. Jumanne hiyo alikuwa amepiga magoti, povu limemfika viwikoni, mara vumbi la zulia likammwagikia kisogoni. Akatazama juu. Msichana aliyevaa kofia nyeupe ya mtumishi wa ndani alikuwa akikung'uta zulia kwenye dirisha la tatu la ghorofa ya juu.

Dirisha lile halikuwa dirisha. Lilikuwa ukuta uliopakwa rangi nyeusi na kuchorwa fremu nyeupe, ili nyumba isionekane chongo. Safu nzima ya nyumba zile za mji wa Ramsgate, Uingereza, imeshikana bega kwa bega kutazama bahari, na aibu ya mmoja ni ya wote.

"Samahani, bibi," alisema msichana. "Sikukuona."

"Si kitu," alisema Muriel.

Jirani yake, Bwana Gumbrell, alikuwa akimwagilia maua kwenye roshani ya chuma. "Naona umefungua lile la juu," alisema. "Baridi itakuingilia."

"Itaingia wapi? Nyuma yake hakuna chumba."

"Basi una bahati."

Muriel alipanda ngazi kuhakikisha. Ndani palikuwa na ukuta uleule, karatasi yake ya maua haijachubuka. Alitega sikio, akasikia ufagio. Akashuka asijue kama nyumba yake imeongezeka au imepungua.

"Unalala wapi, binti?" aliuliza kutoka barabarani.

"Humuhumu, bibi. Wenye nyumba wa zamani walipotaka kuziba dirisha waliniuliza kama nitaona vibaya. Nikasema sina neno."

Katika mtaa ule, mtu akisema hana neno, ujue yamemjaa hadi kooni. Kila mtu analijua hilo, ila anayeuliza hulisahau.

Yeye mwenyewe aliyasema hayohayo Jumapili, mwanawe Howard alipokuwa akimmiminia mchuzi juu ya nyama. Howard na mkewe wangehamia vyumba vya mbele. Mama angeshuka kwenye chumba cha chini ya ardhi, lilipokuwa jiko la zamani, ambako dirisha linatazama ukuta, na juu ya ukuta miguu ya wapita njia.

"Chini kuna joto, Mama. Kama huoni vibaya."

"Sina neno, mwanangu," alisema, akaomba viazi.

Kabla ya adhuhuri Howard alifika na gari la mizigo lenye samani zake. Alimwona msichana, akampungia mkono, kisha akakunja uso.

"Halmashauri itatusumbua, Mama. Nyumba ya kale haibadilishwi hata kitasa. Wewe, dada! Tafadhali funga hapo."

"Sawa, bwana," alisema msichana, akafunga. Rangi nyeusi ikatulia mahali pake, na fremu nyeupe juu yake.

"Mtu mwelewa," alisema Howard. "Nishikie mlango, Mama."

Muriel akaushika. Kikapita kitanda chake, ikapita taa yake. Kikapita kiti chake cha kwenye dirisha lililojitokeza nje, alichokalia miaka yote akiangalia mawimbi, na mto wake bado una shimo la mgongo wake. Vyote vikashuka ngazi za chini. Huko juu, nyuma ya ukuta, ufagio ulikuwa ukiendelea.

"Chai ipo?" Howard aliita kutoka chini.

Chai ilikuwa imeshapoa. Muriel alikuwa bado ameshika mlango, ingawa hakukuwa na kitu kilichobaki kupita.

"Howard," alisema. "Jumapili nilimaanisha sitaki."