Paka wa Mkamwana

Mzee Hezroni wa Ngana alikuwa mtu wa kuamua. Aliamua kanisani, aliamua shambani kwenye kakao zake, na alipohamia kwa mwanawe Ambwene pale Mbugani, mjini Kyela, akaamua pia mambo ya paka kabla hata hajavua koti.

Watu wote waliambiwa kwamba mzee amekuja mjini kutibiwa magoti. Ukweli aliujua Ambwene peke yake. Tezi dume ilikuwa imemfunga mkojo baba yake mpaka akawekewa mpira hospitalini, na ingawa mpira ulishatolewa, daktari alitaka mgonjwa awe karibu. Jambo kama hilo halisemwi mbele ya mkamwana. Tena kwa Mzee Hezroni, mkamwana hata hasemeshwi. Alishika mila ya Wanyakyusa kama alivyoikuta kwa baba yake: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na kama kuna neno, linapitia kwa mtu mwingine. Vijana wengi siku hizi wanaicheka mila hiyo, na Kisa, mke wa Ambwene, angeweza kuicheka vilevile, maana alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo wake. Lakini alimheshimu mzee. Akisikia kikohozi chake huku, yeye anapitia kule, kanga kichwani, uso chini.

Chumba alichopewa mzee kilikuwa stoo ya mpunga, na humo ndimo alimoishi Diwani, paka dume wa madoa meusi. Aliitwa Diwani kwa sababu alizunguka kata nzima akidai haki zake. Mama yake Kisa ndiye aliyemleta kutoka Matema, akiwa mdogo wa kutosha kwenye kiganja, akamwachia binti yake ili asiwe mpweke ukweni. Mama huyo sasa ni marehemu. Humo stoo Diwani alikuwa na karai la pumba za mpunga la kujisaidia, chungu kidogo cha udongo kilichofinyangwa Lyulilo, cha kunywea maji, na dirisha la kutokea kwenda kwenye shughuli zake.

"Mimi silali na choo cha paka," mzee akamwambia Ambwene. Karai likapelekwa getini, mbele ya pua ya mbwa wa jirani. Chungu mzee akakipenda, akakifanya cha kwake. Dirisha akalifunga kwa ajili ya mbu. Akajiona ameiweka nyumba sawa, akaomba chai.

Haukupita muda mrefu, Diwani akaanza vituko. Akakojoa kwenye zulia. Akakojoa kwenye beseni la nguo safi. Mwisho akaingia ndani ya kiatu cha mzee cha kanisani, akaacha matone machache yenye wekundu kama chai ya rangi. Mzee hakujali rangi, alijali kiatu. Kwake huo ulikuwa ujeuri, na dawa ya ujeuri aliijua.

"Ambwene, huyu mnyama arudi Matema alikotoka. Jumamosi ukienda huko, unaondoka naye."

Ambwene hakuwahi kumbishia baba yake tangu azaliwe, akaitikia. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza. Ilipoanza tena ilikuwa inakimbia kwa hasira, mpaka mzee akahurumia kitambaa.

Ijumaa Ambwene akaenda Mbeya na gari la mchele. Mzee alikuwa ameketi barazani, na Kisa yuko kwenye jiko la nje, kila mmoja amempa mwenzake kisogo kama kawaida yao. Hapo ndipo mzee alipomwona Diwani penye migomba. Paka akachuchumaa, akajikamua, hakikutoka kitu. Akasogea hatua chache, akachuchumaa tena, akatoa mlio wa chini ambao si wa paka anayetaka chakula. Akajilamba, akajaribu tena, kisha akalala ubavu, anahema.

Mzee alitaka kucheka, lakini kicheko kikamkwama. Mkao ule aliujua. Alishaukaa yeye mwenyewe nyuma ya nyumba yake Ngana, ameshikilia mgomba, anamwomba Mungu ampe hata tone. Aliyakumbuka maumivu yale, na huruma ikamjaa kifuani mpaka akasimama.

Sasa amwambie nani? Akampigia Ambwene, simu haikupatikana. Mtu wa tatu hakuna. Mzee akakohoa, akaugeukia mgomba, akasema kwa sauti ya mimbarini: "Wewe Diwani, umefungwa mkojo. Ungekuwa na mwenyewe, angekuwahisha kwa daktari."

Huko jikoni mwiko ukasimama. "Sufuria yangu," Kisa akasema, naye akiitazama sufuria, "paka anayekojoa nyumba nzima amefungwaje?"

"Diwani, anayekojoa vitone vitone huyo ndiye njia inamziba. Mwenye kujua anajua."

"Sufuria yangu, kuna watu walitaka kesho arudishwe Matema. Leo wamempenda lini?"

Mzee akavumilia kidogo, kisha uvumilivu ukamwishia. Aligeuka mzima mzima akamwelekea. "Mwanangu, nami niliziba! Unadhani nimekuja mjini kwa ajili ya magoti? Niliziba hivi hivi, nikawekewa mpira, na bila daktari ningekufa. Mchukue paka wako twende!"

Masikio ya mzee yaliwaka moto kwa aibu. Kisa hakuinua uso, ila aliitua sufuria chini, akaenda ndani, akatoka na kapu. Wakapanda bajaji moja, yeye nyuma na kapu, mzee mbele amebanana na dereva.

Daktari wa mifugo, mama mmoja aitwaye Tereza, alikuwa amehamishiwa Kyela kutoka Tabora. Alimpapasa Diwani tumbo, uso ukabadilika. "Kibofu kimekuwa kigumu kama limau. Mngechelewa mpaka kesho, mngekuja kumzika. Mwenye paka nani?"

"Wa mkamwana wangu," mzee akasema.

"Basi baba, shika mabega. Dada, shika nyuma, ukaze. Nimchome sindano ya kumlegeza."

Tereza hakujua mila ya watu, na hakuna aliyemwambia. Mzee akaangalia ukutani, akaangalia dari, kisha Diwani akalia, na mzee akashika. Kisa akashika. Mikono yao ikagusana chini ya manyoya, na vichwa vyao vikakaribia kugongana juu ya meza. Hakuna radi iliyopiga. Sindano ikaingia, paka akalegea, daktari akapitisha mpira mwembamba kuliko mrija wa soda, polepole, akivuta pumzi kila ulipokwama. Mara mkojo mwekundu ukaanza kutiririka bakulini.

"Bwana asifiwe!" mzee akatamka, kwa moyo wote, kuliko alivyowahi kutamka kanisani.

Tereza alipomaliza kunawa, akauliza, "Nyumbani kumebadilika nini? Madume njia yao ni nyembamba. Paka akiingiwa na hofu, akikosa maji anayoyapenda na mahali pake pa kujisaidia, kibofu kinavimba kwa ndani, halafu njia inaziba. Kuna kitu kimemvuruga huyu."

Kisa akainamisha kichwa zaidi. Jibu alikuwa nalo, mzee aliliona limemjaa mdomoni, na aliona vilevile kwamba angelimeza likamkaba kuliko kumtaja baba mkwe mbele yake. Mzee Hezroni alikuwa hajazoea kungoja wengine waamue.

"Ni mimi," akasema. "Nilihamia chumbani kwake. Nilitoa choo chake, nilichukua chungu chake, nilifunga dirisha lake. Tena nilimfukuza. Andika dawa, mama, na Matema haendi mtu."

Diwani alilala kwa daktari. Aliporudi, akarudi na masharti: nyumba iwe tulivu, maji yawe mengi, usipa wake, wale dagaa wakavu wa ziwani, ulowekwe kwanza. "Ila bado siwezi kuwaambia amepona," Tereza akasema. "Mpira nimeutoa. Akikojoa mwenyewe vizuri, tumeshinda. Kisipotoka kitu, mrudisheni mbio."

Mzee alilibeba karai mwenyewe kutoka getini, akalitia pumba mpya, akaliweka miguuni pa kitanda chake. Chungu akakijaza maji. Dirisha akalifungua, mbu nao wakaingia kama walioalikwa harusini. Kisha akaketi kitandani, mikono magotini, akakizuia hata kikohozi chake. Chumba cha pili cherehani haikulia kabisa. Kisa alikuwa amekaa mbele ya mashine bila kushona, anasikiliza.

Diwani alizunguka chumba kizima kama mkaguzi. Alikunywa maji. Alinusa kiatu cha kanisani, na mzee akamwacha anuse. Mwishowe akapanda kwenye karai, akafukua, akachuchumaa. Mzee alijikuta anajikaza na yeye, tumbo na taya, kana kwamba angeweza kumsaidia.

Pumba zikalia, chwaa, mfululizo.

"Kisa!" mzee akapiga kelele. "Kisa, mwanangu, njoo! Amekojoa!"

Akaja mbio, kanga imemdondoka mlangoni, akaingia mpaka katikati ya chumba, akasimama anamtazama mzee machoni, analia na kucheka.

"Mwingi, tata?" akauliza, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

Mzee Hezroni naye akamtazama. Alikuwa na uso wa duara, binti wa watu, na mwanya kwenye meno ya mbele.

"Kama ng'ombe," akamwambia.